Kupanga matembezi ya miguu kwenye bonde la mto: anza na vivuko

Bonde la mto huonekana kama mahali rahisi pa kutembea. Mto uko palepale, vijiji vinaonekana kwa macho, na mtu hudhani hawezi kupotea. Ni kweli, si wengi wanaopotea mabondeni. Wengi hukwama upande usio wao: kijiji wanachokwenda kiko mita 300 mbele, hadi sauti za watoto zinasikika, lakini daraja liko kilomita 5 nyuma na jua linazama. Kwa hiyo mpango wa bondeni hauanzi na mandhari wala na orodha ya vijiji mnavyotaka kuviona. Unaanza na sehemu za kuvukia.

Hatua zilizo hapa chini ni za matembezi ya siku moja, kilomita 8 hadi 20, kwa watu wenye afya ya kawaida wasiolala njiani.

Hatua ya 1: Zungushia duara kila kivuko

Tafuta ramani ya kipimio cha 1:50,000 au, ikipatikana, 1:25,000. Kwenye ya kwanza, sentimita 2 ni kilomita 1. Kwenye ya pili ni sentimita 4, na njia ndogo huonekana vizuri zaidi. Ramani za simu zinazotumia data za OpenStreetMap husaidia sana kwa njia za miguu, ila huchorwa na watu wa kujitolea: bonde moja linaweza kuwa na kila kichochoro, na la jirani likawa na mto na barabara kuu basi. Zilinganishe na picha za setilaiti. Njia inayotumika huonekana pichani kama mstari mweupe wa udongo uliokanyagwa, na iliyoachwa huwa imemezwa na majani hata kama ramani bado inaionyesha.

Sasa ufuate mto kwa penseli toka juu hadi chini na uzungushie duara kila mahali pa kuvukia. Vigawe vivuko hivyo katika makundi matatu. Kwanza kuna madaraja ya magari, hayo yategemee. Pili kuna madaraja ya watembea kwa miguu, mitumbwi na pantoni. Hivi hufanya kazi lakini kwa masharti: ubao hung'oka, mvushaji hurudi nyumbani mapema, maji yakijaa chombo hakiendi. Tatu ni sehemu za kukanyaga maji. Ramani huzionyesha kama njia inayofika ukingoni na kuendelea ng'ambo bila alama yoyote ya daraja. Hizi zihesabu kuwa zimefungwa hadi mtu wa pale akwambie vinginevyo, siku ileile.

Pima umbali wa kutembea kati ya kivuko kimoja cha kutegemewa na kinachofuata. Ndani ya kipande hicho mmefungwa upande mmoja wa mto, mpende msipende. Kipande kikizidi saa mbili, tafuta katikati yake njia ya kutokea iliyo upande huohuo: barabara inayopanda kutoka bondeni, au kijiji chenye usafiri. Kama haipo, hamishia matembezi ukingo wa pili au punguza urefu.

Mnapoandika mpango, tajeni kingo mkiwa mmeangalia maji yanakoelekea: ukingo wa kulia ni ule ulio mkono wa kulia wa mtu anayetazama mto unakoteremka. Maneno kama "ng'ambo" na "upande ule" hubadilika maana kila mnapovuka, na kundi lililogawanyika linaweza kungojeana, kila mmoja akiwa ng'ambo ya mwenzake.

Halafu hesabu vijito. Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu watu huutazama mto mkubwa na kusahau kwamba hata ukikaa ukingo mmoja siku nzima utakata kila kijito kinachoingia upande huo. Kijito hukusanya maji ya eneo dogo, kwa hiyo mvua ya saa moja mlimani hukijaza haraka, pengine ndani ya dakika chache, na mara nyingi hupungua tena baada ya saa kadhaa. Mto mkubwa hufanya kinyume: huchelewa kujaa na huchelewa kushuka. Kama mvua za mahali hapo hunyesha alasiri, panga kuvimaliza vijito vyote vyenye mabonde marefu kabla ya saa sita mchana. Kijito kikijaa mbele yenu, kukaa na kusubiri ni uamuzi mzuri kabisa. Mto mkubwa ukijaa, usisubiri, badilisha njia.

Hatua ya 2: Chagua mtembee kimo gani

Katika bonde lenye vijiji kwa kawaida kuna njia za ngazi tatu. Ya chini hufuata ukingo wa mto. Ya kati huunganisha vijiji, ambavyo mara nyingi hukaa juu kidogo ya tambarare ya mafuriko, karibu na chemchemi. Ya juu hupita mgongoni mwa kilima.

Wageni hupenda ya chini kwa sababu kwenye ramani inaonekana tambarare. Tambarare ni kweli, lakini ndefu. Mto unaojipinda sana una urefu wa mara moja na nusu ya mstari ulionyooka au zaidi, kwa hiyo kilomita 6 za kuruka kama ndege zinaweza kuwa 9 za kutembea. Ongeza matope, mashamba yanayofika hadi majini, na matete yaliyofunga njia. Isitoshe, kingo za upande wa nje wa kona humomonyoka kila msimu: njia iliyokuwa hapo mwaka jana inaweza kuwa imeanguka mtoni. Mkipita pale, kaeni mbali na ukingo uliotokeza hewani bila udongo chini yake.

Njia ya kati ndiyo bora mara nyingi. Ina watu, ina maji, na ina wa kumuuliza. Ubaya wake umefichika kwenye mistari ya kontua, yaani ile ya ramani inayounganisha mahali penye kimo sawa. Kila mahali mistari hiyo inapochora umbo la V lenye ncha inayoelekea mlimani, hapo pana korongo au kijito, na njia itashuka kisha ipande tena. Njia ya kilomita 10 inayokata makorongo sita yenye kina cha mita 30 inawapandisha mita 180, ingawa mnaanza na kumaliza kimo kilekile. Korongo lisilofikia kina cha nafasi kati ya kontua mbili, ambayo mara nyingi ni mita 20 kwenye ramani za 1:50,000, linaweza lisionekane kabisa. Ongeza kidogo hata pale ramani inaposema ni shwari.

Njia ya juu itumieni siku ya ukungu au baada ya mvua kubwa. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, ndiyo maana ukungu wa asubuhi hulala chini huku mgongo wa kilima ukiwa na jua.

Kama ni mto wenye mamba au viboko, njia ya ukingoni itoe kwenye mpango bila mjadala. Kiboko hutoka kula usiku na kurudi majini alfajiri kwa njia zake alizozizoea, na hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji.

Hatua ya 3: Pima umbali, kisha pima muda

Chukua uzi mwembamba, ulaze juu ya njia ukifuata kila kona, kisha unyooshe kwenye rula. Uzi hukata kona ndogo zisizochorwa, kwa hiyo ongeza asilimia 10, na 20 kama njia ni ya kilimani yenye kona nyingi.

Kwa muda, kanuni ya zamani bado inafaa. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliiweka mwaka 1892, na kwa vipimo vya leo inasema: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Haihesabu mapumziko, matope wala mazungumzo. Kwa kundi la mchanganyiko tumia kilomita 4 kwa saa.

Mfano: njia ni kilomita 14, jumla ya kupanda ni mita 480, na inapita vijiji vitatu.

Kilomita 14 kwa mwendo wa 4 kwa saa ni saa 3 na dakika 30. Mita 480 za kupanda ni dakika 48. Hadi hapo ni saa 4 na dakika 18. Weka dakika 10 za kupumzika kwa kila saa ya kutembea, yaani 40 hivi, kisha dakika 40 za kula. Halafu kila kijiji kipe robo saa, maana hampiti kwenye makazi ya watu kama upepo: mtasalimia, mtaulizwa mnatoka wapi, mtajaza maji. Hiyo ni 45 nyingine. Jumla ni saa 6 na dakika 23. Mkiondoka saa 1:00 asubuhi mtafika saa 7:23 mchana. Ongeza saa mbili za akiba na hapo ndipo penye ukweli: karibu saa 9:30 alasiri.

Andika muda huo kwa vipande, sio kwa jumla tu. Kivuko cha kwanza saa ngapi, kijiji cha pili saa ngapi. Mkifika kivuko cha kwanza mmechelewa dakika 40, mnajua bado mapema kwamba mwendo wenu si ule uliokadiriwa, na mnakata njia kwa kutumia kivuko kinachofuata. Jumla pekee hukuambia umechelewa wakati huna tena la kufanya.

Hatua ya 4: Jua la bondeni

Saa ya machweo inayoandikwa kwenye simu ni ya mahali wazi. Bondeni jua hufichwa na kilima kabla ya hapo. Ukiwa karibu na ikweta, kilima cha upande wa magharibi kilicho juu yako kwa mita 300 na umbali wa kilomita 1 kitalificha jua zaidi ya saa moja kabla ya machweo yenyewe. Mwanga hubaki, ila njia ya msituni huanza kuwa nyeusi na nguo zenye jasho huwa baridi. Na huko ikweta, jua likishazama kabisa, mwanga wa kutosha kuona njia hudumu dakika 20 na kitu tu. Kila mtu awe na tochi yake, sio moja ya kundi, na tochi ya simu isihesabiwe, kwani chaji hiyo ndiyo ya kupigia simu.

Weka saa ya kugeuka na muiheshimu. Kama saa 7 mchana hamjafika kivuko mlichokikusudia, mnarudi au mnatokea kwenye njia ya akiba.

Hatua ya 5: Kuuliza njia vijijini

Habari za mtu wa kijijini zina thamani kuliko ramani yoyote, mradi swali liulizwe vizuri. Usiulize, "Hii ndiyo njia ya kwenda kijiji fulani?" Watu wengi watakujibu ndiyo kwa adabu, au kwa sababu njia zote mwishowe hufika. Uliza, "Njia ya kwenda kijiji fulani ni ipi?" na umwache anyooshe mkono.

Usiulize kilomita, uliza muda. Hata muda wenyewe ni wa miguu yake, sio yako: mwenyeji akisema nusu saa, mgeni mwenye begi ahesabu dakika 45 hadi saa nzima. Kuhusu kivuko, "Panapitika?" haitoshi. Uliza kama kuna aliyevuka leo, maji yalimfika wapi mwilini, na kama alikuwa amebeba kitu. Majibu hayo matatu yanaamua. Waulize watu wawili wasiokuwa pamoja. Wakitofautiana, muamini yule aliyetoka huko siku hiyo.

Kabla ya siku yenyewe ni vizuri kuwapigia au kuwatembelea viongozi wa kijiji kinachopitiwa, hasa kundi likizidi watu sita. Wao ndio wanaojua shamba lipi limezibwa, daraja lipi limeng'oka, na nani anaweza kuwaongoza kwa kipande kigumu. Mwongozaji wa kulipwa akubaliane nanyi malipo na mahali pa kuishia kabla ya kuanza kutembea.

Njiani, lango mlilolikuta limefungwa lifungeni, lililo wazi liacheni wazi. Shamba lililopandwa huzungukwa pembezoni kwa mstari mmoja. Kwa mifugo, piteni upande wa juu wa mteremko polepole, msije mkamkata ndama na mama yake. Mbwa akija mbio, simameni, msimkazie macho, wala msikimbie.

Hatua ya 6: Mzunguko au njia ya moja kwa moja?

Mzunguko hutumia vivuko viwili: panda na ukingo mmoja, rudi na mwingine. Kivuko cha mbali ndicho roho ya mpango huo, kwa hiyo kiwe cha kundi la kwanza, daraja la magari. Kama sicho, muwe tayari kurudi mlikotoka, na hesabu ya muda ifanywe kwa safari hiyo ndefu.

Kwa njia ya moja kwa moja, panda usafiri asubuhi hadi mwisho wa mbali, kisha utembee kurudi mahali ulipoacha gari au unapolala. Watu hufanya kinyume, na alasiri nzima wanakimbiza gari la mwisho. Vilevile, kama mwinuko unaruhusu, tembea kufuata maji yanakoteremka: mwili ukichoka, njia inashuka.

Hatua ya 7: Maji, miguu, mzigo

Nusu lita ya maji kwa saa ya kutembea, na kwenye joto kali hadi lita nzima. Kuwa bondeni si sababu ya kubeba kidogo. Mto unaopita vijijini na mashambani hubeba vinyesi na dawa za kilimo. Kuchemsha kwa dakika moja baada ya kutokota, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000, huua vijidudu lakini hakuondoi dawa za mashamba. Jazeni kwenye bomba au chemchemi iliyo juu ya makazi, kisha mtibu hayo pia. Maji ya matope yaachwe yatuame na yachujwe kwa kitambaa kabla ya kutia klorini, kwa sababu tope huimeza klorini kabla haijafanya kazi. Na penye kichocho, msiingie kwenye maji yaliyotuama au yaendayo polepole, hata kwa kunawa miguu.

Miguu iliyolowa hufanya malengelenge haraka. Bebeni soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na bandikeni plasta pale ngozi inapoanza kuchoma, msingoje ivimbe.

Hatua ya 8: Mkifika kwenye maji

Kabla ya yote tazameni matawi ya ukingoni. Nyasi kavu na takataka zilizonasa juu yake zinaonyesha mafuriko yalifika wapi. Kisha chomekeni kijiti pale maji yanapoishia na mngoje dakika kumi. Kijiti kikiwa ndani ya maji, mto unapanda. Maji yaliyobadilika kuwa ya kahawia au yanayoleta majani na matawi yanasema hivyohivyo.

Tupeni kipande cha mti na mtembee nacho sambamba ukingoni. Kikiwaacha, msivuke. Kina kisizidi magoti ya aliye mfupi kuliko wote. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Chagueni sehemu iliyonyooka na pana, ambako maji yametawanyika, na sio kwenye kona, kwani upande wa nje wa kona ndio wenye kina na kasi. Angalieni pia kilicho chini ya hapo: mti ulioanguka mtoni hupitisha maji na kumzuia mtu, na aliyenasa hapo hutoka kwa shida.

Vaeni viatu. Fungueni mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani, ili mtu akianguka alivue mara moja. Shika fimbo upande maji yanakotoka, uso ukiangalia huko, na sogea kwa hatua fupi za pembeni huku ukielekea chini kidogo. Sogeza mguu au fimbo, kimoja kwa wakati. Ukisombwa, lala chali, miguu mbele juu ya maji, na upige makasia kwa mikono kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama mpaka maji yawe mafupi, maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza.

Hatua ya 9: Karatasi ya kuacha nyuma

Mpe mtu asiyekwenda nanyi karatasi yenye mambo haya: majina na simu za wote, njia pamoja na vivuko kwa ukingo wa kulia au kushoto, njia za akiba, saa ya kumaliza, namba ya dharura ya nchi mliyopo na ya kiongozi wa kijiji cha mwisho, na saa ya kupiga simu. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Iwekeni saa mbili au tatu baada ya muda wa kumaliza wenye akiba, na iandikwe wazi: "Tusipopatikana hadi saa 12:00 jioni, piga." Bila hiyo, mtu wa nyumbani hukaa usiku mzima akisitasita asije akaonekana mwoga.

Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka. GPS hufanya kazi bila mtandao, ramani ndiyo inayohitaji data. Kila mtu abebe filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia. Anayesikia hujibu kwa milio mitatu. Aliyepiga aendelee hata baada ya kujibiwa, kwa sababu ndani ya bonde sauti hugonga kilima na kurudi, na mtafutaji hujua inakotoka kwa kuisikia zaidi ya mara moja.